Je, Wajua? Njia ya Baiskeli Ambayo Setilaiti Haiioni

Je, wajua kuwa njia ya baiskeli inayokatiza msitu wa Yahuma, mkoani Tshopo nchini Kongo, haionekani kutoka angani? Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, ambazo mtu yeyote anaweza kupakua picha zake bila malipo, hupita juu ya Yahuma kila baada ya siku 5 hivi. Nukta moja ya picha zake zilizo kali kabisa hufunika mraba wa mita 10 kwa mita 10, na njia ya baiskeli msituni ina upana wa nusu mita tu. Ziko setilaiti za kibiashara zinazotambua kitu cha sentimita 30, lakini nazo hukwama. Juu ya njia hiyo limetanda dari la majani ya miti yenye kimo cha mita 30 na zaidi, na juu ya majani kuna mawingu, kwa kuwa mkoa wa Tshopo umekatwa na ikweta na mvua yake hukaribia milimita 1,800 kwa mwaka.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Leo mtu wa London au Nairobi akitaka kwenda kazini kwa baiskeli hufungua simu, akaulizia njia isiyo na malori, na programu ikamchorea. Programu hiyo haijui kitu ambacho hakuna aliyekiandika. Mahali pengi duniani, kazi ya kuandika ilianzia kwenye picha za angani. Yahuma haiwezi kuanzia huko. Njia zake zitaingia kwenye ramani siku wale wanaozipita kwa magurudumu watakapoziandika wenyewe, na mimi naamini kwa dhati kuwa wanachokijua watu hao ni elimu inayostahili kuhifadhiwa kama tunavyohifadhi vipimo vya mvua au vya kina cha mto.

Kwanza tuelewane kuhusu usalama wenyewe. Mwendesha baiskeli wa Ulaya anaogopa gari. Huku magari ni machache mno, na anayesafirisha mawese au mpunga kutoka vijijini mara nyingi haendeshi, anasukuma. Mtazame kwa karibu: ufito mmoja umefungwa kwenye usukani ili aweze kuuongoza akiwa anatembea ubavuni, mwingine umesimamishwa nyuma ya tandiko ili apate mahali pa kushika na kusukumia. Bidoni nne za lita 25 zilizojaa mawese zina uzito wa kilo 90 hivi, nazo zimening'inia kila upande, kwa hiyo baiskeli imekuwa pana kuliko mwenyewe. Daraja la magogo mawili, ambalo mtembea kwa miguu hulivuka bila hata kupunguza mwendo, kwake ni mtihani. Gogo likiteleza, mzigo wa wiki nzima uko kijitoni. Kwake yeye, njia salama ni ile yenye madaraja yanayobeba, yenye mteremko ambao breki zitauweza, isiyo na kinamasi cha kumeza gurudumu, na isiyo na vizuizi vingi vya kutozwa pesa.

Tshopo imeishi kwa baiskeli muda mrefu. Vita vya 1998 vilipokata biashara ya mto kati ya Kisangani na Kinshasa, mafuta yakawa adimu na magari yakasimama. Toleka, baiskeli za kubeba abiria zenye kiti cha sponji nyuma, ndizo zilizoubeba mji. Wagonjwa walienda nazo hospitali, wanafunzi shuleni, wafanyabiashara sokoni. Baadaye pikipiki zilichukua abiria wengi wa mjini, lakini ukitoka nje ya mji baiskeli bado ina kazi yake.

Watu wa baiskeli wana mtandao wao wa habari uliokuwepo kabla ya simu. Wakikutana njiani husimama, wakaegemeza mizigo kwenye miti, wakaulizana. «Yaya, njia ya kule iko namna gani?» Mwenzake hatamjibu kwa jina la barabara. Atamwambia kijito kipi kimejaa, gogo lipi limeoza, kijiji gani wamefyeka njia mpya ya kuzunguka. Ni habari ya asubuhi hiyo, na imetoka kwa mtu aliyeipita njia hiyo kwa mguu wake. Udhaifu wake ni mmoja: haifiki mbali. Anayeanza safari leo upande wa Isangi, kule Lomami unakoingia kwenye mto Kongo, hawezi kumuuliza aliye siku mbili mbele yake.

Ndipo ramani ya OpenStreetMap inapoingia. Ilianzishwa mwaka 2004 na Mwingereza Steve Coast, na mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuiongezea au kuisahihisha. Ndani yake njia ni mfululizo wa nukta, kila nukta na latitudo na longitudo yake, kisha mfululizo huo hubandikwa maelezo: udongo au lami, laini au mbaya, baiskeli inapita au haipiti, hapa kuna daraja, hapa watu huvuka ndani ya maji, hapa hupitika kiangazi tu. Mwaka 2014 mashirika ya Msalaba Mwekundu ya Marekani na Uingereza, Madaktari Wasio na Mipaka na kundi la kibinadamu la ramani hiyo walianzisha mradi wa Missing Maps, ambapo watu wa kujitolea huchora maeneo yaliyosahaulika wakitumia picha za setilaiti. Wamefanya kazi kubwa, Kongo ikiwemo. Ila huchora kinachoonekana: paa za nyumba, mashamba, barabara pana. Njia ndogo ikishaingia chini ya miti, mstari wao hukatika.

Kuna mtego mwingine kwenye picha hizo. Mwaka 2019 Fritz Kleinschroth na wenzake walichapisha utafiti kuhusu barabara za misitu ya bonde la Kongo kati ya 2003 na 2018. Waliona urefu wake wote umeongezeka kutoka kilomita 143,700 hadi 230,800. Waliona pia kwamba ndani ya maeneo ya kampuni za mbao, asilimia 44 ya barabara zilikuwa zimeachwa. Barabara ya magogo ikiachwa, msitu huirudia haraka na madaraja yake huoza. Kwa hiyo picha ya miaka kadhaa iliyopita inaweza kukuonyesha barabara nzuri iliyonyooka ambayo leo ni kichaka, huku njia halisi ya watu ikipita pembeni, imefichwa na majani.

Habari njema ni kwamba kuirekodi njia ya chini ya miti hakuhitaji intaneti. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti za GPS, zinazozunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na ikipata nne kwa wakati mmoja inaweza kupiga hesabu ya mahali ilipo. Haitumi kitu chochote angani, inasikiliza tu. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyavuruga makusudi mawimbi ya raia, na kosa lingeweza kufika mita 100. Leo mahali pa wazi kosa ni mita chache. Msituni huongezeka, kwa sababu majani yenye maji hudhoofisha mawimbi na vigogo huyarusha huku na huku, na mstari uliorekodiwa hujikunjakunja hata kama njia imenyooka. Dawa yake ni wingi wa wapitaji. Mistari ya baiskeli kumi kwenye njia ileile ikiwekwa pamoja, makosa ya kila mmoja huelekea upande wake, na katikati yao njia ya kweli hujitokeza. Faili la safari ya siku nzima ni dogo, hupita kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu, na linaweza kusubiri hadi litakapofika Kisangani kwenye mtandao.

Na programu inachaguaje njia ya kukupeleka? Mwaka 1956 Mholanzi Edsger Dijkstra, akiwa mkahawani Amsterdam na mchumba wake, alibuni kwa dakika kama 20, bila kalamu, kanuni ya kutafuta njia fupi kati ya miji miwili. Aliichapisha mwaka 1959, na programu nyingi za njia hadi leo zinatumia kanuni hiyo au watoto wake. Uzuri wake ni kwamba neno «fupi» unaweza kulipa maana uitakayo. Tuseme kuna njia mbili: moja ya kilomita 12, ambapo 3 ni kinamasi, nyingine ya kilomita 17, kavu yote. Ukiiambia programu ihesabu kila kilomita ya kinamasi kama 5, ile ya kwanza inakuwa 9 na 15, jumla 24. Programu itakupeleka kwenye ile ya 17. BRouter, inayofanya kazi bila intaneti, humruhusu mtumiaji aandike mizani yake mwenyewe. Msukuma mawese anaweza kuwa na mizani yake, na mama anayepeleka mtoto kliniki kwa baiskeli tupu akawa na yake.

Kushirikishana njia kuna hatari yake, na lazima isemwe. Novemba 2017 kampuni ya Strava ilitoa ramani ya dunia ya mahali watu wanapokimbia na kuendesha baiskeli, na Januari 2018 ikagundulika kuwa ilikuwa imeanika kambi za kijeshi jangwani. Ramani inayoonyesha wapi watu hupita na mali yao humfaa pia anayetaka kuwavizia. Ndiyo maana ni vyema kuweka hadharani njia na madaraja, na kutoweka jina la aliyerekodi, saa aliyopita wala mzigo aliobeba. Mwendeshaji afute mwanzo na mwisho wa safari yake kabla ya kumpa mtu mwingine, kwa sababu hizo ndizo nukta zinazoonyesha nyumba yake.

Ni mahali gani pa kuandika kwanza? Kwangu mimi ni vivuko vya vijito. Kosa la mita kumi katikati ya msitu halimdhuru mtu anayefuata njia iliyochongwa na magurudumu. Kosa hilohilo ukingoni mwa maji humfikisha mahali pasipo na gogo. Na kwa kila kivuko yahitajika mambo manne tu: magogo mangapi, upana kiasi gani, maji hufika wapi wakati wa mvua kubwa, na tarehe ya mwisho ambayo mtu alivuka na mzigo wake.