Upepo wa bahari usikudanganye unapocheza gofu Mombasa

IWAPO utazuru Mombasa na vijiti vyako vya gofu, huenda wenyeji wako wakakupeleka kwenye uwanja wa Klabu ya Gofu ya Mombasa, kando ya barabara ya Mama Ngina. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka wa 1911, na uwanja wake wa mashimo tisa uko juu ya jabali la matumbawe. Chini, mawimbi ya Bahari Hindi hupiga mwamba, na meli za kwenda bandari ya Kilindini hupita mbele ya macho yako.

Ni mahali pa kupendeza mno. Hata hivyo, mgeni anaweza kuugua hapo kwa sababu ya joto bila kutambua, na kinachomdanganya ni ule upepo mwanana anaoufurahia.

Mwili hujipoza kwa kutoa jasho. Jasho linapokauka juu ya ngozi, huondoka na joto. Upepo wa baharini hulikausha upesi hata usione shati likilowa, nawe ukadhani hujapoteza maji. Pia upepo huipoza ngozi usihisi jua likiichoma, ingawa haupunguzi ukali wa miale yake.

Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la mchana Mombasa hupita nyuzi 30 za Selsiasi. Ikiwa umetoka Nairobi, Limuru au Eldoret, mwili wako huhitaji kati ya siku saba na 14 kulizoea joto hilo. Mgeni wa wikendi hana siku hizo.

Jikinge hivi

Anza kucheza alfajiri, au ungoje baada ya saa kumi jioni. Vaa kofia yenye ukingo mpana na shati jepesi la mikono mirefu. Mafuta ya kukinga jua yapakwe tena kila baada ya saa mbili.

Kunywa maji kabla ya kuanza, kisha upige mafunda machache kila shimo bila kungoja kiu. Mkojo wa rangi nzito ni ishara kwamba mwili umepungukiwa na maji. Madafu yanayouzwa barabarani hapo ni kinywaji kizuri, ila mgonjwa wa figo amwulize daktari wake kwanza, kwa kuwa yana potasiamu nyingi. Bia haikati kiu ya mwili, huongeza mkojo. Wazee, wagonjwa wa moyo na wanaotumia dawa za presha zinazoongeza mkojo wapate ushauri wa daktari kabla ya safari.

Dalili za hatari

Kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza ni onyo. Acha kucheza, keti kivulini, legeza nguo, jimwagie maji na unywe kidogo kidogo.

Lakini mwenzako akianza kupayuka, kuyumba au kuzirai, huenda joto la mwili wake limepita nyuzi 40. Hali hiyo inaweza kuua, hata kama bado anatoka jasho. Mmwagie maji baridi mwili mzima mara moja, mpepee, na atafutwe gari la kumkimbiza hospitalini. Endeleeni kumpoza njiani. Usimnyweshe chochote ikiwa fahamu zake zimevurugika, asije akapaliwa.

Usimsahau pia kijana anayekubebea mkoba. Wewe watembea mikono mitupu, yeye ana mzigo wa kilo 10 au zaidi mgongoni, na pengine huo ni mzunguko wake wa pili siku hiyo. Huenda akaona haya kuomba maji au kupumzika mbele ya mwajiri wake. Basi mnunulie maji unaponunua yako, na mnapofika penye kivuli, simameni wote wawili.

Mwisho, mpira ukiangukia karibu na ukingo wa jabali nawe unahisi kizunguzungu, usiufuate wala usimtume kijana. Mpira mwingine hununuliwa.