Kinga ya zamani: anza na breki, rangi ingojee

Kwa wengi wetu kinga ya kwanza ni ile iliyoachwa nyuma ya nyumba: Phoenix ya baba mkubwa, fremu ya chuma, breki za vyuma si za waya. Usiitupe. Chuma kinachomelewa, lakini angalia kwanza shingo, pale bomba zinapokutana mbele. Kama kuna ufa, usimalizie pesa hapo.

Ukifungua pedali, hapa njo watu wanaharibu: ya kushoto inafunguka kwa kufuata mshale wa saa, kinyume cha ya kulia. Ikigoma, tia mafuta, iache ilale. Nyundo weka mbali.

Halafu pima mnyororo kwa rula. Toka pini moja, hesabu 24: ukiwa mpya ni sentimita 30,5. Ukifika 30,8 umekwisha. Utakula meno ya giri, na utanunua vyote viwili. Gololi za gurudumu badilisha zote pamoja, kisha paka grisi. Si mawese! Mawese yanaganda, yanakamata vumbi, na vumbi ile inasaga chuma kama msasa.

Dola zikiwa chache, zote ziende kwenye breki na mipira. Kutoka Fizi kuja Baraka ni kushuka mlima, na nyuma kuna gunia la mihogo. Rimu yenye kutu isugue kwanza, ndipo uweke raba mpya. Na mvua ikinyesha, raba haishiki vizuri kwenye rimu ya chuma: teremka, isukume.