Hati ya Kuendesha Motakaa Katika Nchi za Kigeni

Nyumba za Kaloleni, mtaa ulio mashariki ya mji wa Nairobi, zilijengwa katika miaka ya 1940, na wengi waliopewa kukaa humo walikuwa makarani na watumishi wa reli. Watu hao walizoea safari. Reli iliwapeleka Mombasa, Kisumu na hata Kampala. Wajukuu wao husafiri mbali zaidi: mmoja huenda Dubai kutafuta kazi ya udereva, mwingine huenda Uingereza kusoma, mwingine humtembelea ndugu yake aliye Marekani. Kila mmoja huichukua leseni yake ya Kenya mfukoni, na wengi hudhani kwamba kwa kuwa imetolewa na serikali itaheshimiwa kila mahali. Lakini leseni ni kama shilingi. Nyumbani ina nguvu kamili, na ikivuka mpaka yapasa kuuliza kwanza.

Mwenye kwenda Uganda au Tanzania hana mashaka makubwa juu ya leseni. Mashaka yake ni ya bima ya gari, na kwa ajili hiyo iko Kadi ya Njano ya nchi za COMESA, iliyopatanwa mwaka 1986. Ni katika nchi za mbali ndipo dereva huulizwa karatasi nyingine, nayo huitwa Hati ya Kimataifa ya Kuendesha Magari.

Hati hii ni kijitabu chenye jalada la kijivu. Ndani yake mna picha ya mwenyewe, jina lake, mahali alipozaliwa, na aina za magari anazoruhusiwa kuendesha, yote kwa lugha kadha wa kadha. Maneno hayo yamepangwa kwa namna moja katika nchi zote, hata polisi asiyejua Kiingereza hutazama ukurasa ule ule na kupata habari ile ile. Hapo ndipo watu wengi hukosea: kijitabu hiki si leseni, bali ni tafsiri ya leseni. Mtu akionyesha kijitabu peke yake, na leseni ameiacha nyumbani kwake Kaloleni, huhesabiwa kuwa hana kitu. Wala kijitabu hakimwongezei dereva ujuzi. Aliyefaulu mtihani wa motakaa ndogo tu hawezi kupewa ruhusa ya lori kwa sababu amepanda ndege.

Mapatano ya kwanza ya namna hii yalifanywa Paris mwaka 1909, magari yalipokuwa machache bado. Siku hizi yatumikayo zaidi ni mawili: mapatano ya Geneva ya tarehe 19 Septemba 1949, na yale ya Vienna ya tarehe 8 Novemba 1968. Kenya iliingia katika mapatano ya Vienna mwaka 2009. Jambo hili laweza kuonekana kuwa la wanasheria tu, lakini humgusa msafiri sana. Hati ya 1949 hudumu mwaka mmoja; ile ya 1968 yaweza kudumu hata miaka mitatu, lakini haiishi zaidi ya leseni yenyewe. Tena ziko nchi zinazokubali aina moja na kukataa nyingine. Japani huikubali hati ya 1949 peke yake, tena iliyotolewa na nchi iliyomo katika mapatano hayo. Kwa hiyo dereva wa Kenya asikodi gari Tokyo kwa kutegemea kijitabu chake kabla hajauliza katika ubalozi. Tarehe ya mapatano huchapwa juu ya jalada, na mwenye kupokea hati yafaa aisome palepale dirishani.

Katika Kenya hati hii hutolewa na chama cha magari kiitwacho AA, ambacho kilianza mwaka 1919 kikiwa Royal East African Automobile Association. Mwombaji hupeleka leseni yake isiyokwisha muda, picha zake na ada. Leseni yenyewe hutolewa na NTSA, idara ya serikali iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012. Ikiwa leseni imekaribia kwisha, ni heri kuifanya upya kwanza, ndipo kuomba kijitabu. Ni lazima kazi hii imalizike kabla ya safari, maana hati ya kimataifa hutolewa katika nchi iliyotoa leseni, wala si katika nchi aendayo msafiri. Wako wauzaji, hasa katika simu na mitandao, wanaotoa vitabu vizuri vya kupendeza, wakisema vyadumu miaka kumi, hata kwa mtu asiye na leseni kamwe. Fedha anazolipa mtu huyo zimepotea, na akikamatwa navyo aweza kushtakiwa kwa kutumia hati ya uongo.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, huwapata watu wenye hati ya kweli. Hati ya kimataifa ni ya mgeni apitaye. Aliyekwenda kukaa na kufanya kazi si mgeni tena machoni pa sheria. Kijana atokaye Kaloleni kwenda Dubai kwa kazi ya udereva, akiisha kupata kibali cha kukaa, yampasa kupata leseni ya huko. Na kwa kuwa leseni ya Kenya haibadilishwi huko hivi hivi, atatakiwa kufanya mtihani. Mafunzo na mtihani hulipiwa, na magari huko hupita mkono wa kulia. Kabla ya kutia sahihi mkataba, na aulize nani atakayelipa, yeye au tajiri wake, na kama mshahara utaanza kabla hajafaulu. Maswali hayo ni rahisi kuulizwa Nairobi kuliko kuulizwa baadaye, akiwa na deni la nauli.

Uingereza humruhusu mwenye leseni ya Kenya kuendesha gari dogo kwa miezi kumi na miwili tangu aanze kukaa. Baadaye hana budi kufanya mtihani wao. Marekani kila jimbo lina sheria yake. Katika California, aliyehamia hupewa siku kumi tu za kuomba leseni ya jimbo.

Muda huo ukipita, faini si jambo la kwanza la kuogopwa. Gari likigonga mtu, kampuni ya bima huangalia kwanza kama dereva alikuwa na ruhusa ya sheria siku ile. Kama hakuwa nayo, yaweza kukataa kulipa, na gharama za hospitali na za gari zikawa juu ya dereva mwenyewe. Tarehe ya kuingia nchini imepigwa muhuri katika pasipoti yake, na siku za ruhusa zaweza kuhesabiwa kutoka hapo.