Ada imeondolewa, wajibu wa mzazi umebaki

Tangu Januari 2016, mtoto wa Tanzania husoma shule ya msingi ya serikali bila kulipa ada wala michango ya lazima. Utaratibu huo ulitokana na Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015. Mwaka uliofuata, Waraka Na. 3 ulifafanua nani abebe mzigo upi. Serikali hulipa mishahara ya walimu na kutenga ruzuku ya uendeshaji, shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Mzazi au mlezi hubaki na sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula. Zaidi ya hivyo kuna kazi isiyohitaji fedha, nayo ndiyo inayosahaulika kuliko zote: kufuatilia kama mtoto anajifunza kweli.

Kazi hiyo huanza na mahudhurio. Masomo ya msingi hujengwa ngazi kwa ngazi. Aliyekosa wiki ya kuzidisha atakwama kwenye kugawanya. Utoro mwingi hauanzii kwa mtoto. Huanzia nyumbani, siku ya gulio, msimu wa kuvuna, au mama anapougua na binti mkubwa akabaki kulea wadogo zake. Familia inayopanga kazi hizo baada ya masomo au siku ya Jumamosi humwokolea mtoto siku nyingi za kusoma.

Chakula nacho ni sehemu ya masomo. Mtoto anayesinzia darasani saa tano asubuhi mara nyingi ana njaa, wala si mvivu. Ndiyo maana wazazi wa shule nyingi hukubaliana katika mkutano kuchangia mahindi, maharage na kuni ili watoto wapate uji au chakula cha mchana. Palipo na makubaliano kama hayo, kuyatimiza kwa wakati ni kumsomesha mtoto.

Madarasa mawili ya mwanzo hulenga KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Hapa nyumbani pana nafasi kubwa, kwa kuwa maandishi ya Kiswahili hufuata sauti: irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake. Mzazi anaweza kuandika silabi "ka", "ta" na "ba" chini kwa kijiti, kisha mtoto aunde maneno: kata, taka, kaka, bata. Wapo watoto wanaokariri ukurasa mzima wakaonekana wanasoma. Kuwatambua si vigumu: picha ifunikwe kwa kiganja, au mtoto aanze kusoma na mstari wa mwisho. Hesabu hupatikana dukani. Anayetumwa na shilingi 2,000 anunue chumvi ya 500 na kiberiti cha 100 aulizwe, kabla hajatoka, atarudi na chenji kiasi gani.

Katika kaya zinazozungumza Kisukuma, Kigogo au lugha nyingine, mtoto hukutana na Kiswahili cha darasani akiwa bado mgeni nacho. Hakuna haja ya kuiacha lugha ya nyumbani. Bibi asimulie hadithi kwa lugha yake, kisha mtoto airudie kwa Kiswahili. Hapo hujifunza kupanga mawazo na kuongeza msamiati kwa pamoja.

Daftari likikaguliwa walau mara moja kwa wiki, husema mengi. Tarehe zilizorukwa huonyesha siku ambazo mtoto hakuwapo au hakuandika. Alama za kosa zisizofuatwa na masahihisho huonyesha kwamba hakurudia alipokosea. Kurasa nyingi zisizo na wino mwekundu ni jambo la kumuuliza mwalimu kwa heshima. Hata mzazi asiyejua kusoma huziona alama hizo, na anaweza kumwambia mtoto amweleze alichojifunza. Fimbo haisaidii hapa, kwani mtoto aliyechapwa kwa sababu ya makosa hujifunza kulificha daftari.

Kwa mwalimu wa darasa, swali mahususi hufaa kuliko "anaendeleaje?" Mzazi aulize kama mtoto anasoma sentensi fupi bila msaada, au somo lipi linamlemea. Mikutano ya wazazi na kamati ya shule ndipo mahali pa kuhoji matumizi ya michango, upungufu wa madawati na hali ya vyoo.

Jioni, mtoto anahitaji mwanga, mahali pa kuandikia na muda usiokatizwa na kazi za ndani. Anahitaji pia usingizi na michezo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inautaja mchezo miongoni mwa haki zake. Tuisheni inayomaliza muda huo wote humchosha.

Darasa la nne hufanyika upimaji wa kitaifa. Matokeo yake yasomwe somo kwa somo, yalinganishwe na madaftari, na mzazi akubaliane na mwalimu nini kifanyiwe mazoezi kwanza. Lakini asiyejua kusoma hapaswi kungojea upimaji huo. Msaada wake huanza siku pengo linapoonekana, hata kama yuko darasa la kwanza.