Washauri Nasaha wa Kibondo na Kasulu: Ujuzi Upo, Cheo Kiko Wapi? (Sehemu ya Pili)

Katika zahanati nyingi za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, mshauri nasaha ni muuguzi yuleyule aliyeshinda asubuhi akipima wajawazito na kuchanja watoto. Mchana hufunga mlango na kukaa na mtu aliyetoka kuambiwa kwamba ana VVU. Kozi ya ushauri aliisoma wiki chache, akapewa cheti, akarudi kwenye cheo kilekile na mshahara uleule.

Ukimwi ndio uliouleta ujuzi huu vijijini. Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete alizindua kampeni ya kitaifa ya kupima VVU kwa hiari, na mahitaji ya washauri yakaongezeka. Dawa za kufubaza virusi humezwa kila siku, maisha yote. Mteja akitoroka kliniki, anayemrudisha ni yule aliyegundua kwamba dawa zimefichwa mumewe asizione, au kwamba nauli imekosekana, na aliyejua kuuliza bila kumwaibisha. Kazi hiyo huokoa maisha sawasawa na kidonge chenyewe.

Kambi za wakimbizi ziliipanua zaidi. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Warundi walipomiminika 2015, Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya, na Madaktari Wasio na Mipaka wakatoa huko huduma ya afya ya akili pamoja na matibabu mengine. Ushauri ukawafikia waliobakwa, waliofiwa, wasiopata usingizi. Kwa kuwa Kiha na Kirundi husikilizana, kijana wa Kibondo aliyefundwa vizuri huzungumza na Mrundi moja kwa moja, pale ambapo mtaalamu kutoka Dar es Salaam angehitaji mkalimani. Sifa hiyo ingestahili kuandikwa kwenye tangazo la kazi.

Faida ya ushauri inapimika. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai nchini Uganda, jirani na Kagera yetu, wenyeji wasio na uzoefu wowote wa tiba ya akili walifundishwa kwa wiki mbili, kisha wakaongoza vikundi vya mazungumzo kwa wiki 16. Mwishoni, waliobaki na sonona kali miongoni mwa wanavikundi walikuwa 6.5%, katika vijiji visivyo na vikundi, 54.7%.

Kupanda cheo ndiko kugumu. Anayetaka kuwa afisa ustawi wa jamii hospitalini anaweza kusomea Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoanzishwa 1973. Anayelenga saikolojia tiba huishia Muhimbili kwa shahada ya uzamili. Vyote viko Dar es Salaam, na ada si ya mtu anayeishi kwa posho. Mikataba ya mashirika nayo hufuata uhai wa kambi: Mtendeli, wilayani Kakonko, ilifungwa 2021.

Januari 2024 Dkt. Philip Mpango, wakati huo Makamu wa Rais na aliyewahi kuwa mbunge wa Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu, alizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 nchi nzima. Halmashauri za Kigoma zina sababu ya kuwatazama kwanza Watanzania waliokwisha kushauri watu Nduta na Nyarugusu, na kuutambua uzoefu huo zinapopanga ajira. Sehemu ijayo itaeleza nani humsimamia mshauri, na nani humsikiliza yeye anapochoka.