Jamaa Nzima Uwanjani

Tarehe 13 Januari, 2025, katika Uwanja wa Gombani, Chake Chake, timu yetu ya Zanzibar Heroes iliifunga Burkina Faso mabao mawili kwa moja na kulitwaa Kombe la Mapinduzi. Habari za mabao hayo zimekwisha kuandikwa na kusomwa, nasi hatuna haja ya kuzirudia. Lililotushughulisha sisi ni wale waliokuwa wamekaa majukwaani. Walikuwamo akina mama waliofuatana na wana wao, wazee waliowashika wajukuu mikono, na mabinti wa skuli waliokuja na kaka zao huku wakijua majina ya wachezaji kuliko hao kaka. Kandanda, ambayo kwa miaka mingi katika visiwa hivi ilihesabiwa kuwa shughuli ya wanaume peke yao, siku ile ilikuwa shughuli ya nyumba nzima.

Jambo hili si dogo. Mwaka 1995 Zanzibar ilitwaa Kombe la Chalenji la Afrika ya Mashariki na Kati, lakini kombe lile lilitwaliwa Uganda. Watu wa Unguja na Pemba walilipata kwa masikio, wamelizunguka redio barazani, kila mmoja akijichorea uwanja wake kichwani. Mwaka 2017 timu yetu ikafika tena fainali ya kombe hilo hilo, safari hii Machakos, Kenya, ikashindwa na wenyeji kwa mikwaju ya penalti. Huko nako tulikuwa mbali. Mtoto aliyezaliwa siku za ushindi wa 1995 sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, na wengi wa rika hilo walikuwa hawajapata kuiona kwa macho yao timu ya Zanzibar ikinyanyua kombe katika ardhi ya Zanzibar. Gombani waliiona, na waliiona wakiwa na watoto wao pembeni. Ni furaha ambayo hainunuliki, nasi hatuoni sababu ya kuwaachia bahati tu iwaletee tena.

Wapo watakaouliza: kuna haja gani ya kumtoa mama na watoto nyumbani kwenda kusukumana uwanjani, na hali televisheni ipo? Visiwa hivi si wageni wa televisheni. Vilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado hazijaifikiria. Hatuibezi hata kidogo. Lakini anayetazama televisheni huona kile tu alichochaguliwa na mwenye kamera, na kamera hufuata mpira. Uwanjani mtoto huona uwanja wote. Humwona beki akianza kukimbia kabla mpira haujapigwa, akajiuliza amejuaje. Humwona mlinda mlango wa timu inayoshambulia amesimama peke yake upande wa pili, hana kazi, akitembea huku na huku kama mtu anayengojea boti iliyochelewa. Humsikia kocha akiita jina la mchezaji mara kumi na mchezaji asigeuke. Hapo mtoto huanza kuuliza maswali, na babu yake, ambaye nyumbani hana mtu wa kumsikiliza, hupata mwanafunzi kwa dakika tisini nzima.

Na wala tusidhani kwamba faida yake ni ya siku za ushindi tu. Tarehe 25 Mei, 2025, Simba ya Dar es Salaam ilicheza marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika katika Uwanja wa Amaan, dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Simba ilikuwa imekwisha kufungwa mabao mawili kwa bila huko ugenini. Ikapata bao mapema, matumaini yakapanda, kisha ikabaki na wachezaji kumi, na mwishoni kabisa wageni wakasawazisha. Matokeo yakawa bao moja kwa moja, na kombe likenda Morocco. Tuliwaona watoto wenye jezi nyekundu wakilia waziwazi, na wazazi wao, ambao nao macho yalikuwa mekundu, wakiwapangusa na kuwanunulia maji. Mtoto aliyemwona baba yake akishindwa mbele ya umma, kisha akawapigia makofi wageni na kurudi nyumbani bila ya kumtukana mtu, amepata somo ambalo hakuna skuli inayolifundisha. Tunakiri kwamba si kila baba aliyekuwapo siku ile alilitoa somo hilo. Wengine walimfundisha mwamuzi majina ambayo hatuwezi kuyachapisha hapa.

Mazungumzo haya tunayaelekeza kwa wananchi, lakini zaidi kwa maafisa wa Serikali wenye dhamana ya viwanja, michezo, usalama na usafiri. Fedha nyingi za umma zimetumika. Uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970 baada ya kujengwa kwa msaada wa China, ulifanyiwa matengenezo makubwa na kuzinduliwa upya Disemba 2023, ukiwa na viti vipatavyo elfu kumi na tano. Agosti 2025 ukapokea michezo ya Mashindano ya Mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, na watu wa Zanzibar wakaishuhudia Sudan ikiifunga Nigeria mabao manne kwa bila, matokeo ambayo hata aliyekuwapo alihitaji kuulizia mara mbili. Viti ni vizuri, taa ni nzuri, nyasi hazina kasoro. Tunayashukuru hayo yote. Ila mgeni rasmi huingia kwa mlango wake, gari yake ikasimama karibu na ngazi, na kwa hiyo ni vigumu kwake kujua habari za mlango ambao mama mwenye mtoto mgongoni ameungojea kwa saa nzima.

Hapo mlangoni ndipo penye kiini cha maneno yetu. Tumepata kuiona hali hiyo, katika uwanja ambao hatutautaja kwa kuwa haukuwa wa pekee kwa kasoro hiyo. Milango mingi ilikuwapo, lakini uliofunguliwa ulikuwa mmoja. Wenye tiketi na wasiokuwa na tiketi walichanganyika katika msongamano mmoja. Walio nyuma hawakujua kwamba mbele pamesimama. Walisikia tu kelele za mchezo umeanza, wakasukuma. Mtu mzima mwenye nguvu hujikinga kwa viwiko. Mtoto wa miaka saba kimo chake ni cha kiuno cha watu, haoni wala haonekani, na pumzi yake ni ya kubahatisha. Siku ile Mungu alisaidia, watu wakaingia na viatu vikabaki njiani.

Kwingine hawakusalimika. Mei 9, 2001, mjini Accra, Ghana, baada ya mchezo wa Hearts of Oak na Asante Kotoko, polisi walifyatua mabomu ya machozi kwenye jukwaa, watu wakakimbilia milango ya kutokea wakaikuta imefungwa. Walikufa watu 126. Januari 24, 2022, mjini Yaoundé, Kameruni, ndugu zetu wa Komoro, wana wa visiwa kama sisi, walikuwa wakijiandaa kwa mchezo mkubwa kupita yote waliyopata kucheza. Walilazimika hata kumweka golini mchezaji ambaye si mlinda mlango. Nje ya uwanja, watu walibanana kwenye lango ambalo lilipaswa kuwa wazi na halikuwa wazi. Wanane wakafa, mtoto akiwamo. Na karibu yetu zaidi, Machi 21, 2021, katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, watu 45 walipoteza maisha katika msongamano walipokwenda kumuaga Rais Magufuli. Haikuwa siku ya mpira, lakini uwanja ni ule ule, na walikwenda kama watu wa hapa wanavyokwenda: jamaa kwa jamaa.

Katika mikasa hiyo hakuna lililosababishwa na upungufu wa viti vya rangi au ubao wa matokeo. Mambo yaliyoua ni ya kawaida kabisa: lango lililofungwa, ukuta uliopandwa, askari aliyetishika, na umati usioambiwa la kufanya. Ni mambo ambayo kuyaepusha hakuhitaji mkopo kutoka nje. Yahitaji milango yote ifunguliwe mapema, saa tatu kabla ya mchezo inapokuwa siku kubwa. Yahitaji tiketi ikaguliwe mbali na lango, barabarani, ili asiyekuwa nayo asilifikie lango kabisa. Yahitaji awepo mtu mwenye kipaza sauti wa kuwaambia walio nyuma kwamba wasubiri, na kwamba ikiwa msongamano ni mkubwa mchezo utacheleweshwa. Zaidi ya yote, mwenye ufunguo wa mlango wa kutokea asiondoke pale mlangoni mpaka mtu wa mwisho atoke. Tumewaona wenye funguo wakitazama mpira. Hatuwalaumu kwa kuupenda, lakini kazi yao siku hiyo ni nyengine.

Tunapendekeza pia liwepo lango la jamaa, yaani la wanawake, watoto na wazee, pamoja na sehemu yao jukwaani. Wako watakaosema huko ni kuwatenga. Sisi tunaona kinyume chake: leo wametengwa kwa kubaki nyumbani. Anayetaka kukaa na rafiki zake wapiga ngoma aende huko, na anayetaka kukaa na mama yake asilazimike kumpitisha katikati ya moshi wa sigara. Sehemu hiyo iwe na vyoo vya wanawake vyenye maji na mlango unaofungika. Neno hili twalisema wazi kwa sababu wenye kupanga viwanja wengi wao ni wanaume, na mara nyingi hawalikumbuka. Na mchezo unaoanza jioni uachie nafasi ya sala ya Magharibi, si kwa watu kusali ngazini wakikanyagwa, bali mahali palipotandikwa.

Kisha kuna kiingilio. Mkubwa wa nyumba anapoambiwa bei ya tiketi, yeye haioni moja. Huizidisha kwa sita, akaongeza nauli ya kwenda na kurudi, akaongeza njugu, ubuyu na juisi ya ukwaju, maana hakuna mtoto aliyewahi kukaa uwanjani bila ya kuona kiu. Mwisho huamua kwenda peke yake. Mtoto wa skuli aliyefuatana na mzazi angeweza kuingia bure katika michezo ya ligi yetu wenyewe, ambayo majukwaa yake, tuseme kweli, mara nyingi huwa matupu. Hasara iko wapi? Kiti kitupu hakilipi kitu. Mlandege ilipoifunga Simba bao moja kwa bila pale Amaan, Januari 13, 2024, na kulichukua Kombe la Mapinduzi, watu wengi wa mjini waligundua kwamba mabingwa wanakaa nao mtaa mmoja. Watoto wetu wanaweza kuzitaja timu za Uingereza kutoka ya kwanza hadi ya ishirini. Si vibaya wakaijua na Malindi, na KMKM, na timu inayofanya mazoezi nyuma ya nyumba yao.

Limebaki la kurudi nyumbani, nalo kwa watu wa Pemba ni zito kuliko la kwenda. Siku hizi michezo mingi mikubwa huchezwa usiku chini ya taa. Kipenga cha mwisho kikishapigwa, mtu wa Chake Chake hutembea kwa miguu mpaka kwake. Mtu wa Konde, Micheweni au Kengeja yuko barabarani na watoto wenye usingizi, akigombania gari moja na watu mia, na mwenye gari amekwisha kupandisha nauli kwa kuwa anajua hana mshindani. Unguja ni hivyo hivyo kwa watu wa Nungwi na Makunduchi. Tumewasikia akina baba wakisema kwamba wao wangeondoka dakika ya themanini, ili wawahi usafiri. Na wengi waliofanya hivyo bao la ushindi walilisikia wakiwa kituoni, likiwafikia kwa kelele za watu wengine. Kupanga gari chache za kusubiri, zenye nauli ya kawaida iliyotangazwa, na askari wawili wa kuzisimamia, ni kazi ya barua moja kutoka ofisi ya mkoa.

Kombe la Mapinduzi limekuwa likichezwa tangu mwaka 2007, na kila mara matayarisho yake huanza kwa kutangazwa ratiba. Ratiba hizo huonyesha timu, tarehe na saa ya mchezo. Tungeomba ratiba itakayofuata iwe na safu mbili zaidi: saa ya kufunguliwa milango, na saa itakayoondoka gari ya mwisho ya Konde.