Kabla ya Kuhamia Kibaha

Mtu aliyechoshwa na kodi ya Dar es Salaam, akisikia kwamba Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, iko umbali wa kilomita 40 hivi tu kwa barabara ya Morogoro, hudhani amekwisha kupata faraja, ilhali hesabu yenyewe hajaianza. Masafa ya msafiri wa kila siku hupimwa kwa saa, na dalali, Mungu amsamehe, aghalabu hukupeleka kuona nyumba Jumapili, barabara ikiwa nyeupe. Nenda basi ukalale huko kwa jamaa, udamke Jumatatu kabla ya adhana ya alfajiri, usimame kituoni Maili Moja, nauli umeifumbata mkononi, ushuhudie daladala zikipita zimejaa hadi mlangoni. Kisha ushuke Kimara, inakoanzia njia ya mwendokasi iliyofunguliwa mwaka 2016, upange foleni nyingine. Nafuu ya kodi huenda ikamezwa na nauli za watu wanne wa nyumba moja. Jioni, muulize jirani habari za maji wakati wa kiangazi. Akiyatupia jicho kwanza madumu ya manjano yaliyopangwa barazani, umekwisha kujibiwa.